Usilifagie Shamba la Zabibu

Pita Mpunguzi, Mbabala, Mvumi au Hombolo katikati ya kiangazi, utamtambua mara moja mkulima wa zabibu anayesifiwa kwa bidii. Kati ya mstari na mstari wa mizabibu yake hakuna hata jani. Palizi imepita, ikarudi, ikapita tena, na udongo mwekundu wenye kichanga umebaki mtupu chini ya jua la Dodoma. Jirani yake aliyeacha majani anaitwa mvivu, na mgeni akifika haonyeshwi shamba hilo.

Sifa hii ina gharama. Ardhi inayokaa tupu miezi saba au minane kwa mwaka inapoteza viumbe ambao mpita njia hawaoni: wale wanaoozesha mabaki, wanaotoboa njia za maji na wanaokula mayai na mabuu ya wadudu waharibifu. Wakipungua hao, kazi yao haifanywi na mwingine. Mkulima ndiye anayelipia, kwa samadi nyingi zaidi, maji mengi zaidi na dawa nyingi zaidi.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mkulima wa zabibu na afisa ugani anayemtembelea. Utafiti mwingi juu ya jambo hili umefanyika katika mashamba ya mizabibu ya Ulaya, hasa Italia, Austria, Ufaransa na Uhispania, ambako majira si kama yetu. Kwa hiyo yapo ya kuiga moja kwa moja, na yapo ambayo mkulima wa Dodoma anapaswa kuyajaribu kwanza kwenye mistari michache.

Ni akina nani wanaoishi humo

Wanabiolojia huwaita arithropodi: wanyama wenye gamba la nje na miguu ya pingili. Humo wamo wadudu wenye miguu sita, buibui na nge wenye minane, pamoja na jongoo na tandu. Wengi wao mkulima amewazoea tangu utoto. Kumbikumbi huruka baada ya mvua za kwanza, jongoo hujitokeza njiani siku hizohizo, siafu hupita kwa misafara, na mbawakawa weusi hukimbia ukiinua jiwe. Wapo pia buibui wasiotega utando, ambao huwinda kwa miguu usiku kucha juu ya udongo.

Lakini walio wengi kupita wote ni wadogo mno. Utitiri wa udongoni, ambao si ule unaowasumbua kuku, ni mmoja wao. Mwingine ni kolembola, jamaa wa wadudu asiye na mabawa, ambaye kwa kawaida hazidi milimita chache. Chini ya tumbo lake mna kijiti kilichokunjwa. Akishtuka hukifyatua, naye huruka. Mita moja ya mraba ya udongo wenye afya inaweza kubeba makumi ya maelfu ya viumbe hawa wawili, na sehemu kubwa yao hukaa katika sentimita kumi za juu. Ndiyo kina kilekile ambacho jembe la mkono hukigeuza.

Kazi yao kubwa ni kula. Kolembola na utitiri hula kuvu na mabaki yanayooza. Jani lililoanguka hukatwa vipande vidogo, vipande hivyo hupita matumboni mwao, na kinyesi kinachotoka huwa chakula cha bakteria. Kwa njia hiyo naitrojeni iliyofungwa ndani ya jani kavu au samadi hufunguliwa ikaweza kunyonywa na mizizi. Mkulima anayejaza samadi kwenye mfereji kisha akaiacha ikauke katika udongo usio na viumbe, anaweza kuikuta msimu ujao ikiwa karibu kama alivyoiacha.

Mbawakawa wa ardhini, tandu, siafu na buibui wana kazi nyingine. Wadudu wengi waharibifu hupitia udongoni katika hatua fulani ya maisha yao, wakiwa mabuu au bundo, na huko ndiko wanakoviziwa. Mbawakawa wengine hula pia mbegu za magugu. Mkulima haoni kazi hii ikifanyika, kwa sababu nyingi hufanyika usiku, na ushahidi wake ni yale ambayo hayakutokea.

Si kila kiumbe wa udongoni ni rafiki, na haifai kumdanganya mkulima kwamba wote ni wema. Filoksera, mdudu mdogo anayenyonya mizizi ya mizabibu, alitoka Amerika Kaskazini akaingia Ufaransa katika miaka ya 1860 na kuangamiza sehemu kubwa ya mashamba ya Ulaya. Wakulima waliokolewa na mbinu ya kubebesha: kikonyo cha mzabibu wa Ulaya kikaunganishwa na shina la mzabibu wa Amerika linalomvumilia mdudu huyo. Udongo wa kichanga humpa shida kuenea, na hilo ni jambo jema kwa maeneo kama yetu. Hata hivyo, usichukue miche wala udongo kutoka shamba usilolijua. Chukua vipando kutoka chanzo kinachokaguliwa, kama kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kilichopo Makutupora.

Alama za udongo

Mwaka 2001, Vittorio Parisi wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, alipendekeza njia ya kuupa udongo alama kwa kutazama viumbe wake wadogo. Njia hiyo sasa inatumika sana katika mashamba ya mizabibu ya nchi ile. Hoja yake ni nyepesi na nzuri. Kiumbe ambaye ukoo wake umeishi chini ya ardhi tangu zamani hupoteza macho, hupoteza rangi na mabawa, na miguu yake hufupika. Udongo ukichokonolewa hawezi kukimbia, na akishatoweka hawezi kurudi upesi. Basi ukimkuta, jua kwamba mahali hapo pametulia kwa muda mrefu.

Makundi hupewa alama kuanzia 1 hadi 20. Nzi mkubwa anayepita tu juu ya udongo hupata 1. Viumbe weupe wasio na macho, wenye umbo la tandu mdogo, ambao hawatoki kamwe gizani, hupata 20. Kinachojumlishwa ni makundi yaliyopo, hakuna haja ya kuhesabu kila kichwa wala kujua jina la kila spishi. Naipenda njia hii kwa sababu mwanafunzi wa sekondari mwenye kioo cha kukuza anaweza kufundishwa akaifanya.

Jembe, dawa ya magugu na mrututu

Jembe huua kwa njia nyingi. Huponda baadhi ya viumbe papo hapo na kubomoa vijia vyao. Huwaleta juu wale waliozoea unyevu na giza, na juani hukauka kwa dakika chache. Kisha huacha udongo bila kivuli, na uso wa kichanga kilicho wazi katika nchi za joto unaweza kuvuka nyuzi 50 za Selsiasi adhuhuri. Juu ya hayo, Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka au pungufu, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi hunyesha kwa kishindo. Matone yakipiga udongo mtupu huuziba juu ukafanya ukoko, maji yakatiririka kwenda korongoni badala ya kuzama. Tabaka linaloondoka na maji hayo ndilo lenye mboji na viumbe.

Hata hivyo, si haki kulilaumu jembe peke yake. Mwaka 2018, Silvia Winter wa Vienna na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti zaidi ya 70 za mashamba ya mizabibu kutoka nchi mbalimbali. Waliona kwamba mashamba yaliyotunza uoto kati ya mistari kwa usumbufu mdogo yalikuwa juu kwa takriban asilimia 20 katika bioanuwai na huduma zake, yakilinganishwa na yale yaliyolimwa mara kwa mara au kupuliziwa dawa ya magugu. Lakini mwaka mmoja kabla, utafiti uliofanyika katika mashamba ya Austria ulikuwa umeonyesha kwamba mimea iliyopo na ubora wa udongo wenyewe viliwaathiri viumbe wa udongoni kuliko ukali wa kulima.

Nikiyaweka matokeo haya mawili pamoja, napata ushauri mmoja. Mkulima asianze na swali la kulima au kutolima. Aanze na swali hili: kuna nini juu ya udongo wangu, na kuna mizizi gani ndani yake? Shamba lisilolimwa kabisa lakini lililochomwa kwa dawa ya magugu hadi likawa kipara halina chakula cha kolembola wala kivuli cha buibui. Shamba linalolimwa mara moja kwa mwaka, kisha likaota kunde na majani na kufunikwa mabua, laweza kuwa na uhai mwingi zaidi ya hilo. Dawa ya magugu kama glaifosati huweza isimuue mbawakawa kwa kumgusa, lakini humwondolea nyumba na chakula, naye huhama au hufa.

Madini ya shaba yanahitaji kuelezwa kwa urefu zaidi, kwa sababu madhara yake hayafutiki. Mwaka 1885, Pierre-Marie-Alexis Millardet alieleza huko Bordeaux kwamba mchanganyiko wa mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa huzuia ubwiri vinyoya, ugonjwa uliokuwa umeingia Ufaransa miaka michache kabla kutoka Marekani. Tangu hapo mizabibu imepuliziwa shaba kila mwaka. Shaba haiozi. Viuatilifu vingine huvunjwavunjwa na jua na bakteria, lakini shaba iliyodondoka udongoni leo itakuwapo wajukuu wakirithi shamba. Vipimo vya udongo vilivyokusanywa kote katika Umoja wa Ulaya vilionyesha wastani wa miligramu 17 hivi za shaba kwa kilo ya udongo, ilhali katika mashamba ya mizabibu wastani ulikuwa karibu 49, na mashamba ya zamani huvuka mara nyingi ya hapo. Ndiyo maana tangu 2019 Umoja huo umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka saba, yaani wastani wa kilo nne kwa mwaka, na kikomo hicho kinawahusu hata wakulima wa kilimo hai.

Nyungunyungu hukimbia udongo wenye shaba nyingi, na kolembola hupungua kuzaana. Kwetu jambo hili ni zito zaidi, maana udongo wa kichanga wenye mboji kidogo hauna uwezo mkubwa wa kuishika shaba, hivyo sehemu kubwa hubaki huru na kuwadhuru viumbe. Kiwango ambacho udongo mzito wa mfinyanzi ungekivumilia chaweza kuwa kingi mno kwa shamba la Hombolo.

Kwa hiyo, kabla hujajaza bomba la mgongoni, tambua ugonjwa. Ubwiri vinyoya hupenda majani yaliyolowa, kwa hiyo ni tatizo la siku za mvua, na shaba husaidia. Ubwiri unga, ule unaoacha vumbi jeupe juu ya majani na vichala, hustawi hata kusiponyesha, na shaba haiuwezi vizuri. Dawa yake ya kawaida ni salfa. Kupulizia shaba mwezi wa Julai kutibu unga mweupe ni kutupa fedha na kuutia udongo sumu bila faida. Salfa nayo ina masharti: usiipulizie joto likivuka nyuzi 32 hivi, huunguza majani, na ikizidi huwadhuru utitiri wawindaji walio marafiki wa mkulima. Pulizia asubuhi mapema au jioni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, na utumie bidhaa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Mchwa

Hapa ndipo wakulima wengi watakaponipinga, na wana sababu. Mchwa hula nguzo, hula mti wa mzabibu uliokauka, na wakikosa kingine huingia kwenye shina lililo hai. Wengi huwamwagia dawa ya wadudu udongoni. Dawa kama klorpirifosi na imidaklopridi huwaua kweli, lakini huwaua pamoja na mbawakawa, sisimizi, kolembola na nyuki wanaochimba viota ardhini. Umoja wa Ulaya uliondoa kibali cha klorpirifosi mwaka 2020, na mwaka 2018 ulipiga marufuku imidaklopridi kutumika nje ya nyumba za kioo.

Upande wa pili wa habari hausimuliwi sana. Mwaka 2011, watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika mashamba ya ngano ya Australia Magharibi, eneo kame lenye udongo wa kichanga. Sehemu za shamba ambamo mchwa na sisimizi waliachwa zilitoa ngano zaidi kwa asilimia 36 kuliko zile ambamo waliondolewa kwa dawa. Sababu zilikuwa mbili: vijia vyao viliyaingiza maji ya mvua chini zaidi, na naitrojeni iliongezeka udongoni. Ngano si zabibu, lakini ukame ni ukame, na kichanga ni kichanga.

Huko Burkina Faso, Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023, alijulikana duniani kwa kufufua ardhi iliyokuwa imekufa kwa mashimo yaitwayo zai. Alichimba mashimo madogo wakati wa kiangazi, akaweka samadi na majani ndani yake, na mchwa wakaja kula. Vijia walivyochimba ndivyo vilivyonywesha maji ya mvua ya kwanza. Mzee huyu aliwaalika mchwa kwa makusudi, akawapa chakula, nao wakamfanyia kazi ya kulima ambayo mkono wa mtu usingeiweza katika ardhi ngumu namna ile.

Aina nyingi za mchwa hupendelea kitu kilichokufa. Shamba lililofagiwa halina kitu kilichokufa isipokuwa nguzo na matawi makavu ya mzabibu wenyewe, basi mchwa waende wapi? Wape mabua yaliyolala katikati ya mistari, mbali na mashina. Acha duara tupu la upana wa kiganja au zaidi kuzunguka kila shina ili uone vijia vya udongo vikianza kupanda, na uvivunje kwa mkono. Kata na uondoe matawi yaliyokauka juu ya mti. Nguzo ndizo zinazostahili kulindwa kwa dawa, na zitiwe dawa kabla ya kusimikwa, kuliko kuumwagia udongo wote sumu kwa ajili ya kuokoa mti mkavu. Kama una kichuguu kinachoshambulia mizabibu michanga kweli, shughulika na kichuguu hicho, usipige vita shamba zima.

Sisimizi nao wana habari yao. Ukiwaona wakipanda na kushuka shinani kwa mstari, chunguza vidung'ata kwenye magome na vikonyo. Sisimizi hulamba utamu wanaoutoa vidung'ata, na kwa malipo huwafukuza wadudu wanaowawinda. Katika hali hiyo zuia sisimizi wasipande mtini, kwa kuondoa majani yanayogusa matawi na kufunga mkanda wenye gundi shinani. Chini ya mti waache waendelee na kazi yao.

Kufunika udongo bila kuunyima mzabibu maji

Hofu kubwa ya mkulima ni ya haki: majani yanakunywa maji. Katika nchi ambayo miezi saba haina mvua, na ambako mavuno makubwa kwa kawaida huja Agosti na Septemba, mzabibu huishi kwa maji yaliyohifadhiwa chini tangu Aprili. Majani mabichi yakiachwa yaendelee kunyonya hadi Juni, zabibu zitasinyaa. Wakulima wa Uhispania na kusini mwa Italia wana tatizo hilohilo kwa majira yao, na jibu lao linatufaa: uoto ukue wakati maji ni mengi, ukatwe kabla hayajaanza kupungua, na ulale palepale.

Kwa kalenda yetu, palilia karibu na mashina tu mvua zinapoanza, na katikati ya mistari acha majani mafupi yaote au upande kunde, choroko au fiwi. Mikunde hii huongeza naitrojeni, na majani yake huoza upesi. Ukiogopa, fanya mstari mmoja ndiyo na unaofuata hapana, ubadilishane mwaka ujao. Februari na Machi, wakati wa mavuno madogo, fyeka pale panapozuia hewa kupita chini ya vichala, maana unyevu uliobanwa huleta ukungu. Mwisho wa mvua, kabla udongo haujakauka, fyeka yote kwa fyekeo usawa wa chini na uache mizizi humohumo. Usilime. Mizizi ikioza huacha vitundu ambamo hewa na maji hupita, na viumbe huhamia.

Kisha ongeza matandazo. Mabua ya mtama na uwele, maganda ya karanga, mabaki ya alizeti, chochote ulichonacho, kwa unene wa vidole vinne hivi. Najua mabua hayo ndiyo chakula cha mbuzi na ng'ombe wakati wa kiangazi, na mwenye mifugo hawezi kuyamwaga yote shambani. Hapa hakuna jibu la bure. Mwenye mabua machache ayaweke chini ya mistari, mahali mizizi ya mzabibu ilipo, akiacha lile duara tupu kuzunguka kila shina, na katikati aridhike na majani yaliyofyekwa. Mifugo ikila mabua, samadi irudi shambani, iliyokaa ikaoza vizuri, maana samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu. Kinachosikitisha zaidi ni kuona mabua yakichomwa moto pembeni ya shamba la zabibu ambalo udongo wake uko uchi.

Matawi yanayopogolewa ni mali nyingine inayotupwa. Kama hayana ugonjwa, yakatekate vipande vya urefu wa kidole na uyatandaze katikati ya mistari. Yanaoza polepole, kwa hiyo hukaa muda mrefu kama maficho ya mbawakawa na tandu. Yenye vidonda, ukungu au vidung'ata yaondoe shambani uyateketeze.

Usiufunike udongo kila upande. Nyuki wengi wa porini huchimba viota katika ardhi iliyo wazi na ngumu kidogo, nao wanahitaji mahali. Kingo za shamba, njia ya kupita na chini ya ua vinatosha. Na usiung'oe ua wenyewe: minyaa, vichaka na miti michache pembezoni ndiyo hifadhi ya buibui na mbawakawa wakati wa kiangazi kikali, na mvua zikirudi ndiko wanakotoka kuingia shambani.

Hesabu mwenyewe

Usiniamini mimi tu, wala Waitaliano. Njia mbili za kupima hazihitaji maabara.

Ya kwanza ni kopo. Fukia kopo la plastiki lenye mdomo mpana hadi ukingo wake uwe sawasawa kabisa na uso wa udongo. Ukiwa juu hata kidogo, viumbe watauzunguka. Tia maji kufikia robo, na matone machache ya sabuni ya maji ili wanaoanguka wasielee na kutoroka. Lifunike kwa kigae au kipande cha ubao kilichoinuliwa kwa mawe ili mvua isijaze na mijusi isiingie. Weka makopo matano katika mistari iliyofunikwa na matano katika mistari mitupu, siku zilezile, na uyakusanye baada ya siku tatu au nne. Panga ulichopata kwa makundi: buibui, mbawakawa, sisimizi, jongoo, tandu, wengine. Kuna tahadhari moja muhimu. Kopo hupima mwendo, na juu ya udongo mtupu mbawakawa hukimbia kwa kasi kwa kuwa hakuna kinachomzuia, hivyo aweza kuanguka mara nyingi zaidi kuliko pale penye majani ambako wako wengi lakini wanatembea pole. Tazama idadi ya makundi kwanza, idadi ya vichwa baadaye.

Ya pili ni faneli, kwa ajili ya wale wadogo. Antonio Berlese aliibuni Italia mwaka 1905, na Albert Tullgren wa Sweden akaiboresha kwa taa. Kata chupa kubwa ya maji katikati, pindua sehemu ya juu iwe faneli ndani ya sehemu ya chini. Weka kipande cha wavu wa dirishani, kisha donge la udongo la sentimita kumi kila upande, lililokatwa kwa uangalifu bila kupondwa. Chini weka spiriti kidogo. Juu ning'iniza balbu ya zamani inayotoa joto. Udongo hukauka taratibu kuanzia juu, viumbe huukimbia ukavu wakishuka, na mwisho hudondoka kwenye spiriti. Waache siku tano hadi saba. Usiharakishe kwa kuliweka juani, watakufa kabla hawajafika chini. Mwaga spiriti kwenye sahani nyeupe na utazame kwa kioo cha kukuza.

Chukua sampuli udongo ukiwa na unyevu, wiki kadhaa baada ya mvua kuanza. Kiangazi wengi hushuka chini au hulala, na sahani tupu ya Septemba haitakuambia kitu. Rudia mwaka unaofuata katika mwezi uleule na mahali palepale. Viumbe wenye mabawa hurudi katika msimu mmoja. Wale weupe wasio na macho huchukua miaka, kwa hiyo mkulima aliyeacha jembe mwaka jana asikate tamaa akiwakosa.

Kwa mwenye ekari moja, mistari minne inatosha kuanzia: miwili ifunikwe, miwili ibaki kama ulivyozoea, na isiwe pembezoni ambako ng'ombe wa jirani hupita. Andika daftarini tarehe za kufyeka, dawa ulizopulizia na kiasi chake, uzito wa zabibu kutoka kila jozi ya mistari, na wakati majani ya mzabibu yalipoanza kunyauka adhuhuri. Mistari iliyofunikwa ikinyauka mapema kuliko mingine, ulichelewa kufyeka. Mwaka ujao fyeka wiki mbili kabla. Daftari hilo na sahani yako vipeleke kwa afisa ugani wa kata au kwa watafiti wa Makutupora, maana takwimu za mashamba ya Dodoma yenyewe ndizo tunazozihitaji zaidi sasa.